Andika Vinane kwa Sasa

Jumatatu, 22 Julai

Muhula wa pili umeanza leo na mimi nimeanza daftari hili kwa hasira. Sababu nyingine sina.

Asubuhi Kirrily Stroud, bosi wetu wa Mawasiliano, mwanamke mdogo mwenye viatu vyeupe visivyochafuka, alituita mimi na Col Braddock akafunga mlango. Kitengo kinapangwa upya. Waandishi wawili, nafasi moja. Sote wawili tunaruhusiwa kuiomba. Tunaruhusiwa! Kazi niliyoifanya miaka kumi na tisa, leo naruhusiwa kuiomba kama mgeni. Usaili utakuwa Septemba.

"Msidhani kuna mtu anawachukia," akasema. "Inayofutwa ni nafasi, siyo mtu."

"Na mtu aliyekalia hiyo nafasi anahamia wapi?" akauliza Col. "Kwenye korido?"

Kirrily akacheka kidogo, halafu akanigeukia kana kwamba tumemaliza kuzungumzia hali ya hewa. Nimepewa kazi ya muhula: ukurasa wa kukitambulisha chuo, ule unaoandikwa upya kila miaka mitano. Chuo kizima kwa maneno mia nne. Uwe hewani tarehe mosi Desemba.

"Maree, hakuna anayekijua chuo hiki kama wewe," akasema. Sawa. Ndiyo maana naruhusiwa kuomba kazi.

Jumatano, 24 Julai

Nimekusanya tarakimu. Wanafunzi elfu arobaini na moja. Kampasi tatu. Vitivo tisa. Vituo vya utafiti thelathini na vitatu, ingawa viwili sijapata mtu wa kupokea simu. Tuko miongoni mwa vyuo mia mbili bora duniani, kutegemea jedwali unalolitazama. Yako majedwali mengi. Tunalipenda moja tu, na kila mwaka huwa ni jingine.

Ijumaa, 26 Julai

Ijumaa ni siku ya kumpelekea Voula karatasi.

Voula Manettas ndiye mtunza Ghala, yaani hifadhi ya mimea mikavu ya Kitivo cha Kilimo na Mimea, kwenye jengo la matofali nyuma ya bwawa. Sampuli laki mbili na elfu kumi na mbili, kila moja imebandikwa kwenye karatasi ngumu na lebo pembeni: nani aliichuma, wapi, siku gani. Akileta mmea mbichi huulaza kati ya karatasi kuukuu, akaubana kwa mbao mbili na mikanda, akaacha ukauke. Mimi macho yangu hayawezi kusoma kwenye kompyuta, kwa hiyo kila rasimu huichapisha, na Kirrily hunicheka kwa hilo. Boksi la chini ya meza yangu likijaa, Ijumaa nalibeba kwa Voula. Miaka kumi na minne sasa.

"Lete, lete," akasema leo. "Uongo wenu unafyonza maji vizuri kuliko gazeti."

"Siyo uongo, shoga. Ni taarifa kwa vyombo vya habari."

"Hii haina tarehe." Alikuwa ameshika rasimu yangu ya wiki jana. "Maree, mara ngapi nikwambie? Jani lisilo na tarehe ni takataka. Andika tarehe kila kitu, hata orodha ya sokoni."

Anakera, huyu mwanamke. Lakini kukerwa naye nimezoea, na sasa hata bahasha tupu naiandika tarehe. Paa la Ghala bado linavuja. Ndoo yake iko palepale, kati ya kabati la mikunde na kabati la nyasi. Ameomba fundi tangu Machi.

Jumatatu, 29 Julai

Mvua. Col kaja na pai mbili za nyama, kanipa moja. Hatukuzungumzia nafasi.

Alhamisi, 1 Agosti

Barua pepe ya makamu mkuu wa chuo, saa tatu kamili, kwa watu wote. "Mapendekezo ya Kujenga Kesho Yetu." Mimi nimeshaandika barua za namna hiyo, najua nyama iko aya ya sita. Nikashuka moja kwa moja aya ya sita. Inapendekezwa Kitivo cha Kilimo na Mimea kivunjwe. Nafasi sitini na nne zifutwe. Ghala "litafutiwe makao yanayolifaa." Maoni yanapokelewa mpaka Septemba 12. "Tunasisitiza kwamba hakuna uamuzi wowote uliofikiwa."

Voula akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini ghafla.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Mimi sina shida, Maree. Nina miaka hamsini na tisa, nitapanda nyanya. Lakini Ghala watalipeleka wapi? Nani atalichukua? Kuna nyasi humu bonde lake liko chini ya bwawa la maji tangu mwaka sitini na nane. Haipo tena popote. Ipo kabatini kwangu tu."

Nikamwambia bado hawajaamua. Nilimwambia kwa moyo wote, naapa.

Jumanne, 6 Agosti

Niandike polepole nisikosee.

Saa nne nilimtumia Kirrily rasimu ya kwanza. Sentensi ya pili inasema: "Chuo kina vitivo tisa, na kati ya hazina zake ni hifadhi ya mimea mikavu iliyo miongoni mwa kongwe nchini." Saa tano kasoro jibu likarudi. Mistari miwili. "Nzuri sana! Andika vinane kwa sasa. Na hiyo ya mimea itoe."

Nikadhani amekosea. Nikaenda mezani kwake.

"Kirrily, vitivo ni tisa."

"Leo, ndiyo."

"Na maoni yanaisha Septemba."

"Ukurasa unatoka Desemba," akasema, na akatabasamu kama mtu anayemweleza mzee namna ya kufungua simu. "Hatutaki kuuandika mara mbili, au siyo?"

"Kwa hiyo wameshaamua."

Tabasamu likamtoka. Akaangalia mlango. "Sijasema hivyo. Nimesema kwa sasa. Maree, tafadhali, usinifanyie hivi. Mimi nimeambiwa tu, na aliyeniambia kaambiwa."

Nikarudi mezani. Nikachapisha jibu lake na rasimu yangu pamoja, nikazibana kwa pini, na juu, kwa kalamu, bila hata kufikiri, nikaandika tarehe. Voula kanifundisha. Nimezitia kwenye droo ya chini, chini ya mwavuli.

Halafu nikaandika vinane.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimempelekea Voula karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia, njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nikamkuta kavaa miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani, anaandika maoni yake kwa tume ya mashauriano. Kurasa thelathini na nane. Ameorodhesha kila mmea ambao haupo tena porini.

"Wamesema hawajaamua," akaniambia. "Nimeisoma ile barua mara tatu, Maree. Watu wenye elimu, hawawezi kuandika hivyo halafu iwe siyo kweli. Wakiyasoma haya, wataelewa."

Akanikatia kipande cha pai yake ya jibini. Nikala. Nikasema tamu. Matone yalikuwa yanaanguka kwenye ndoo, moja moja.

Jumanne, 13 Agosti

Chai ya saa nne ya kumuaga mtu wa Fedha. Keki za nazi. Kadi kubwa nimeitia sahihi bila kumjua.

Ijumaa, 16 Agosti

Mkutano wa chama cha wafanyakazi, ukumbi mkubwa, watu wamesimama mpaka ngazini. Mwakilishi wetu ni Rohan Wickrema, mhadhiri wa fizikia, bwana mwembamba anayezungumza kama anasahihisha mtihani.

"Mkataba wetu unasema waulize kwanza, waamue baadaye," akasema. "Wao wanasema ndivyo wanavyofanya. Sisi tunajua sivyo, lakini kujua hakutoshi. Nipeni karatasi moja. Moja tu, yenye tarehe, inayoonyesha waliamua kabla ya kuuliza. Nikiifikisha kwenye tume ya kazi kufikia Septemba 12, mpango mzima unasimamishwa. Baada ya siku hiyo, malalamiko ya aina hii hayapokelewi. Hiyo karatasi mtafungia chipsi."

Mtu akapaza sauti nyuma: "Waulize wale wa Mawasiliano, ndio wanaopika maneno!" Watu wakacheka. Voula alikuwa kando yangu, akanishika mkono.

"Mwacheni huyu," akasema kwa sauti. "Huyu ni wetu."

Jumatatu, 19 Agosti

Nimekaa na mawazo haya tangu Ijumaa, bora niyatoe.

Barua ile ya Kirrily iliandikwa kwa mtu mmoja, mimi. Ikitoka, hakuna haja ya mpelelezi. Nina miaka hamsini na saba. Naishi peke yangu. Kazi ninayoijua ni kuandika sentensi za chuo hiki, na nani mwingine anazihitaji? Usaili ni Septemba 10. Nikiitoa karatasi kabla ya hapo, watampa Col kazi siku hiyohiyo, tena watampa na maua.

Lakini kati ya 10 na 12 kuna siku nzima. Nafanya usaili Jumanne, Jumatano nampelekea Rohan. Wakishaniuliza maswali yao hawawezi kuyarudisha mdomoni. Siku moja inatosha.

Nimejisikia vizuri baada ya kuandika hivi. Kwa kweli nimejisikia vizuri mno, na hilo silipendi.

Jumanne, 27 Agosti

Ndege weusi wenye mabaka wameanza kutaga, na kama kila mwaka wanashambulia vichwa vya watu kwenye njia ya bwawa. Profesa mmoja wa sheria kapita na ndoo kichwani. Nimecheka, mara ya kwanza mwezi huu.

Alhamisi, 29 Agosti

Chai ya saa nne. Watu wawili safari hii, keki moja.

Jumanne, 3 Septemba

Nimemkuta Kirrily kwenye ngazi za dharura, viatu vyeupe kavua, anakula biskuti moja baada ya nyingine kama adhabu. Macho mekundu.

"Wameniambia na mimi niombe upya," akasema. "Mwezi wa kumi na moja. Nimewapunguzia watu kama walivyotaka, na sasa zamu yangu."

Nikakaa kando yake. Nilitaka kufurahi nikashindwa. Ana miaka thelathini na mbili.

"Umewahi kudhani mimi naulizwa kitu?" akasema. Halafu, wakati tunainuka: "Wewe kwenye usaili usiwe na wasiwasi. Mimi najua nani mwandishi hapa. Wewe tu tulia."

Tulia. Sijui kama alimaanisha nilivyoelewa. Nadhani alimaanisha.

Jumanne, 10 Septemba

Usaili. Watu watatu, maji baridi, saa ya ukutani imechelewa. Swali la nne: "Tupe mfano wa wakati ulipoonyesha uadilifu, ambao ni moja ya tunu tano za chuo." Hizo tunu tano nimeziandika mimi. Kwanza zilikuwa nne.

Nikawaeleza jinsi mwaka juzi nilivyokataa kuandika "bora nchini" pale tulipokuwa wa pili. Wakaitikia kwa vichwa, wakaandika. Kirrily hakuniangalia usoni.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Saa tatu Kirrily kapita mezani, kasema majibu Ijumaa, kanigusa bega.

Saa tano nikachukua karatasi kutoka droo ya chini, nikaitia ndani ya koti isilowe, nikaenda jengo la Fizikia. Orofa ya pili. Mlango wa Rohan una kibao: "Nafundisha. Nitarudi saa nane." Chini ya mlango pana nafasi ya kuingiza hata kitabu. Wanafunzi wake huingizia kazi zao hapohapo, nilimwona mmoja akifanya hivyo, sekunde mbili, akaenda zake.

Nilikaa kwenye benchi la korido. Nilijiambia namsubiri nimweleze mwenyewe. Nilikaa mpaka saa saba na nusu. Saa saba na nusu nikainuka. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyeniita. Nilirudi kazini nikairudisha karatasi chini ya mwavuli, nikaandika habari ya timu ya makasia.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo ndiyo siku ya mwisho. Sikwenda.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimepata kazi.

Col alikuja mezani akanipa mkono. "Unastahili," akasema. "Mimi ningeanza kusahau koma." Anaondoka mwisho wa mwezi. Nilitaka aseme neno baya, hakulisema, na hilo limeniuma kuliko tusi.

Wamenihamishia meza ya dirishani. Nimemwaga droo zote kwa pupa, za kutupa kwenye boksi la Voula, za kubaki kwenye mfuko. Kichwa hakikuwa changu. Boksi nimemwachia Voula mlangoni kwake bila kubisha. Leo nisingeweza kumwangalia.

Ijumaa, 20 Septemba

"Baada ya kusikiliza kwa makini maoni mia tatu na kumi na mawili, chuo kimeamua." Vitivo vinane. Sentensi ya kwanza ya barua ile nimeiandika mimi, Jumatatu. Kazi ya kwanza kwenye meza mpya.

Nilienda Ghala. Voula alikuwa anapanga lebo.

"Kurasa thelathini na nane," akasema. "Unadhani kuna aliyezisoma?"

"Sijui."

"Mimi nadhani kuna mmoja alizisoma, akajitahidi, wakamshinda." Akavua miwani. "Afadhali niamini hivyo. La sivyo nitakuwa mtu mbaya uzeeni."

Nilimkumbatia. Ndiyo, nilimkumbatia, mikono hii hii.

Jumatano, 25 Septemba

Nimeitafuta ile karatasi niichane. Kwenye mfuko haipo, kwenye meza mpya haipo, mwavuli upo. Basi nimeitupa bila kujua. Ni afadhali.

Alhamisi, 26 Septemba

Chai ya saa nne ya Col. Kaleta mwenyewe pai za nyama. Hotuba kaikataa.

Jumanne, 8 Oktoba

Mijakaranda inachanua. Wanafunzi wa hapa wanaamini kwamba kama hujaanza kusoma ua la kwanza likidondoka, mtihani umekupita, kwa hiyo leo maktaba imejaa. Wanatembea juu ya zambarau wakitazama chini kwa hofu. Nimeandika aya nzuri juu ya miti yetu kwenye ukurasa. Miti haina kitivo, hakuna atakayeniambia niitoe.

Jumatano, 16 Oktoba

Makao yanayolifaa Ghala yamepatikana: taasisi moja ya jimbo jingine itachukua sampuli elfu tisini. Zilizobaki "zitatathminiwa." Nje ya jengo la matofali wameegesha kontena la takataka, la manjano, kubwa kuliko jiko langu. Kwarara, wale ndege wa majalalani, wamekwisha kulikalia, wanachokoachokoa kwa midomo yao mirefu. Mmoja alikuwa na kipande cha karatasi ngumu, mmea mkavu wa karne nzima umening'inia.

Voula anapanga masanduku tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni. Nilimsaidia saa moja. Ananiita "rafiki yangu wa mwisho humu." Nilimwambia aache kusema hivyo. "Kwa nini, si kweli?" akauliza.

Ijumaa, 25 Oktoba

Voula kachuma mmea wake wa mwisho, gugu la manjano kwenye mtaro nyuma ya jengo. Gugu tu, liko kila mahali. "Hata hilo," akasema. "Miaka mia ijayo mtu atauliza hapa paliota nini." Akaomba karatasi. Nikamwambia sikuja nazo. "Haidhuru, lile boksi lako la Septemba sijalifungua."

Lilikuwa pale chini ya dirisha. Nikamsogezea kwa mguu, nikaenda zangu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Chai ya saa nne ya Voula, kwenye chumba cha mikutano cha kitivo ambacho Jumatatu ijayo kitakuwa cha watu wengine. Kila mtu alete sahani, ndiyo desturi. Mimi nilipeleka keki za nazi na chokoleti. Naibu wa makamu mkuu alikuja dakika kumi, akasoma hotuba. "Daktari Manettas amekuwa mizizi ya chuo hiki." Hotuba niliiandika mimi. Voula alisikiliza mikono kifuani, akaniangalia kwenye neno mizizi, akaendelea kuniangalia. Keki yangu hakuigusa. Nilidhani ni uchungu wa siku.

Watu walipotawanyika akasema, "Maree, njoo Ghala kidogo."

Makabati yalikuwa wazi, matupu. Ndoo ilikuwa palepale, sasa haina kitu cha kukinga. Mezani palikuwa na mbao mbili na mikanda yake. Akaifungua mikanda polepole, kama anavyofanya siku zote, akainua ubao wa juu, akatoa gugu la manjano, kavu, zuri, akaliweka pembeni. Kisha akanipa karatasi liliyolalia.

Doa la mmea lilikuwa katikati, kahawia. Juu yake, "Nzuri sana! Andika vinane kwa sasa. Na hiyo ya mimea itoe." Na juu kabisa, kwa kalamu, kwa mwandiko wangu: 6 Agosti.

"Nimeiona asubuhi," akasema. "Nimemwuliza Rohan. Nimemwuliza bila kumwonyesha. Amesema ingekuja kabla ya tarehe 12 Septemba, hapa tulipo pasingekuwa hivi. Sasa ni ya kufungia chipsi."

"Voula…"

"Ulikula pai yangu tarehe tisa."

"Niliogopa. Nina kazi hii tu. Nilikwenda mpaka mlangoni kwa Rohan, nakuapia, nilikaa pale…"

"Ulikaa muda gani?"

"Saa mbili na nusu."

Akaitikia kwa kichwa, kama ninavyomwona akikagua lebo. "Mimi ningeweza kukusamehe kama ungekuwa hukujua," akasema. "Ungekuwa mjinga, tungecheka. Lakini wewe uliandika tarehe. Hukuandika kwa bahati mbaya. Ulijua hiki ni kitu cha kutunzwa." Akafuta meza kwa kiganja. "Na mimi ndiye niliyekufundisha, mpumbavu mie."

Nilianza kulia. Alinipa kitambaa, na hakunigusa.

"Ichukue," akasema. "Ni yako. Mimi sampuli zangu nimemaliza." Halafu akakunja mikanda, akazima taa za makabati moja baada ya moja, akasimama mlangoni akinisubiri nitoke, kwa adabu, kama unavyomsubiri mgeni.

Ijumaa, 1 Novemba

Leo ni Ijumaa. Boksi limejaa. Sikujua nilipeleke wapi.

Jumatano, 13 Novemba

Joto. Mijakaranda imekwisha, imebaki matope ya zambarau njiani. Nimempigia Voula mara nne. Mara ya nne dada yake kapokea, kasema Voula yuko bustanini, na akakata.

Jumanne, 19 Novemba

Chai ya saa nne ya Kirrily. Kaomba nafasi yake mwenyewe akakosa. Hotuba niliandika mimi. Aliponiaga aliniambia, "Angalau wewe umebaki," na nadhani alikusudia mema.

Jumapili, 1 Desemba

Ukurasa uko hewani. Nimeusoma nyumbani, kwenye kompyuta, macho yakiuma. "Kilianzishwa mwaka 1911. Wanafunzi elfu arobaini na moja, kampasi tatu, vitivo vinane, na bustani za mijakaranda zinazojulikana kote." Hakuna kosa hata moja. Kila neno ni kweli, kuanzia leo.

Ile karatasi ya gugu nimeipiga pasi na kuitia kwenye droo ya jikoni. Nimejaribu kuichana mara mbili.

—

Bosi mpya kaniita. Mstaarabu, anapenda kusikiliza, ana mmea wa plastiki mezani. Anasema ukurasa ni mzuri mno, ila mwakani Machi wataugusa kidogo. Kuna mapendekezo yatakayotoka baada ya likizo, bado hakuna uamuzi wowote.

"Kile kitivo cha Sanaa," akasema, "usikitaje sana. Andika saba kwa sasa."

Nimerudi mezani, nimeandika saba. Sikuchapisha. Tarehe sikuweka.